Chachu ya Bwana wa Chupa

Mjukuu wangu anayesoma mambo ya misitu huko Olmotonyi alikuja likizo akiwa amejaa maneno. Alikunywa chai yangu, akamaliza maandazi yangu, kisha akaanza kunifundisha. Aliniambia kuvu zinazoleta magonjwa hazina meno wala makucha, kwa hiyo haziwezi kumvunjia mtu mlango. Mbegu ya kuvu, ndogo isiyoonekana kwa macho, inatua juu ya jani au juu ya mdudu na kujigandisha kwa gundi yake yenyewe. Inaonja ngozi kwanza, ijue imefika kwa nani. Ikiridhika inaanza kutoa molekuli, vitu vidogo mno inavyovitengeneza tumboni mwake, na hizo ndizo zinazoyeyusha ukuta taratibu mpaka patokee tundu. Ikishaingia inatoa nyingine za kuwalaza walinzi wa mwili. Walinzi wakilala, inakula nyumba nzima kuanzia ndani.

"Bibi, unanisikiliza?"

"Nakusikiliza, mjukuu wangu. Unanieleza habari za bibi harusi."

Alicheka mpaka chai ikampalia. Nikamwambia kuvu hiyo naijua, niliiona ikifanya kazi kabla baba yake hajazaliwa, tena ilinipatia jiko. Hapo akaacha kunifundisha, akavuta kigoda. Nilipomaliza akaniambia niandike, kwa kuwa nilijifunza kuandika ukubwani na kalamu yangu inalala tu bila kazi. Basi naandika, lakini kwa namna yangu, na asije kunisahihisha.

Nilizaliwa Kijenge, wakati Kijenge ni migomba na vichaka, na boma la Wajerumani pale Arusha bado linanuka chokaa mpya. Mama yangu alikuwa akiwauzia askari ndizi, nami nilimfuata kila alikokwenda. Ndiyo sababu nilijua Kiswahili mapema kuliko wenzangu, ingawa kilikuwa Kiswahili cha kubishana bei na kutukanana. Nilipoolewa nilipelekwa kwa Wameru, juu kwenye mteremko unaotazama Momela, mahali ambapo ukungu unaamka kabla ya watu na kuondoka unapotaka wenyewe. Mume wangu alikuwa mtu mwema asiye na maneno mengi. Maneno yote ya nyumba ile alikuwa nayo mama yake.

Ukoo ule ulikuwa na desturi yake. Bibi harusi hakupewa jiko. Alikaa chini ya mama mkwe, akipika kwenye mafiga ya mama mkwe, kwa kuni alizokata mwenyewe na chumvi aliyopimiwa, hadi atakapolima shamba lake la kwanza la ulezi, avune, atengeneze kimea, apike pombe, na wazee wa ukoo wanywe wakubali kwamba hii kweli ni pombe. Siku hiyo ndipo alipowekewa mafiga yake. Ulezi ukiharibika, alisubiri msimu mwingine. Nilisimuliwa habari za mwanamke wa jirani aliyesubiri mpaka mtoto wake wa kwanza akaota meno.

Mimi nilitaka jiko langu kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani. Msinione mlafi wa madaraka. Mama mkwe alilala na mbuzi upande mmoja na mimi upande wa pili, na sikuwahi kujua anayekoroma ni yeye au beberu. Nikiipua chungu, alichovya ncha ya kidole, akaonja, akafumba macho, akasema chumvi imezidi. Nilipunguza chumvi, bado ikazidi. Siku moja sikutia kabisa. Akaonja, akafumba macho.

"Wewe mtoto wa Kijenge," akasema, "huko kwenu mnachimba chumvi?"

Shamba la ulezi alinichagulia yeye. Alinipa la juu kabisa, lenye baridi na umande, ambalo jua lilifika kwa kuchelewa na kuondoka mapema. La chini, lenye joto na udongo mweusi, alilibakiza kwa mahindi yake. Nililima hivyo hivyo. Nilipalilia mpaka mikono ikawa migumu, na ulezi ulipoanza kutoa masuke nilikuwa nikienda kuutazama hata nisipokuwa na kazi huko. Nilikuwa nimeshachagua mahali pa kuweka mafiga yangu, karibu na mlango, ili moshi utoke na mimi nione anayekuja.

Ndipo wakaja tunutu. Nzige wakubwa walikuwa wamepita tambarare, wakataga mayai mchangani, wakaenda zao. Mvua iliponyesha mayai yakaanguliwa, na wale wachanga wasio na mabawa, ndio tunutu, wakaanza kupanda mlima kwa miguu. Aliyezoea nzige wa kuruka hajui ubaya wa tunutu. Wa kuruka unawapigia debe wakaenda kwa jirani. Tunutu hawasikii kelele. Wanakuja kwa kurukaruka chini chini, ardhi yote inatambaa, na wanapopita hubaki vijiti. Kila jioni watu walishuka kuwatazama walipofika, wakarudi wakihesabu mashamba yaliyobaki kati yao na sisi. La mama mkwe lilikuwa la kwanza njiani, na langu lilikuwa la mwisho.

Habari zikafika boma, na boma likatuletea Mzungu. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu mrefu mwenye pua iliyoungua jua, aliyekuja na wapagazi, hema, askari mmoja, na sanduku lililojazwa majani makavu. Ndani ya majani mlikuwa na vichupa vyembamba vilivyozibwa kwa pamba, na ndani ya kila kichupa mlikuwa na kitu kama uji ulioota kuvu. Siku hiyo hiyo tukampa jina, Bwana wa Chupa. Alisema Kiswahili cha kuchonga kwa shoka, na mkalimani wake, mtu wa pwani aliyeoa huku kwetu, alikigeuza Kimeru na kukiongezea ukubwa. Mimi nilisikia lugha zote mbili, kwa hiyo nililipwa mara mbili kwa maneno yale yale.

"Hii dawa," alisema Bwana. "Nzige shika. Osha dawa. Acha aende. Aambukize ndugu zake."

Mkalimani akajinyoosha. "Bwana mkubwa anasema, serikali imeleta ugonjwa wa nzige kutoka ng'ambo. Kila nyumba itakamata tunutu wazima, iwaletee hapa. Watazamishwa katika pipa lenye dawa, sukari na maji ya uvuguvugu. Kisha wataachiliwa waende zao, kwa heshima zote. Atakayemuua hata mmoja atalazwa chini ale hamsa ishirini."

Hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kila mtu aliijua, lakini hakuna aliyewahi kusikia inatolewa kwa kosa la kumkanyaga nzige. Mzee mmoja aliyeliwa mtama wake wote aliinua mkono.

"Niulizie," akasema. "Huyu mwizi nikishamkamata, nimwogeshe kwa sukari, halafu nimwambie karibu tena?"

"Ndivyo," akasema mkalimani.

"Basi na mimi nikiiba mbuzi wa boma nataka mambo hayo hayo."

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na sanduku, anakitazama kichupa kwa jicho analotazamia chungu changu. Tulipoondoka alinishika mkono akanivuta nyuma ya migomba.

"Umesikia vitu alivyovitaja?" akaniuliza. "Maji ya uvuguvugu. Sukari. Na kile kitu chenye kuvu."

"Nimesikia, Mama."

"Sasa niambie wewe unayejua mambo ya boma. Maji ya uvuguvugu, kitu kitamu na chachu, ukiviweka pamoja unapata nini?"

Nikafikiri. "Pombe," nikasema.

"Pombe!" Alinipiga begani, mara ya kwanza kunipiga kwa furaha. "Jana nimemwona mbele ya hema lake anakunywa pombe ya chupa, ina povu jeupe juu, hata yangu haijawahi kutoa povu namna hiyo. Mtu mzima anatoka Ulaya amebeba chachu yake, anatuambia ni dawa ya nzige. Anatuona watoto. Nzige ni kisingizio. Anataka tumpikie pipa zima bila kujua, sisi tukiondoka, yeye anywe."

Naomba nieleweke. Mama mkwe hakuwa mjinga. Alikuwa mpikaji pombe hodari kuliko wote mteremko ule, na maisha yake yote alikuwa ameona jambo moja likirudiwa: utamu, uvuguvugu, na kidogo cha kitu kilichooza vizuri. Mtu aliyekaa na vyungu vya pombe tangu utoto, ukimpa mambo hayo matatu, atafika kwenye pombe hata umfunge macho. Kosa lile mfuga ng'ombe asingelifanya, wala mhunzi. Mimi mwenyewe nilimwamini nusu.

Mchana ule Bwana alilala hemani kwa ajili ya joto, askari akaenda kutafuta ndizi za kuchoma, na mkalimani akaachwa alinde sanduku. Mama mkwe alimpelekea kibuyu cha pombe yake. Mkalimani aliilinda pombe vizuri kuliko sanduku. Alipoanza kusinzia, mama mkwe akachomoa kichupa kilichotengwa kwa ajili ya kijiji chetu, akakikung'utia ndani ya kipande cha kibuyu, akakijaza ukoko wa ugali ulioota kuvu aliokuja nao kwenye jani, akarudisha pamba yake, akakilaza tena kwenye majani makavu. Mimi nilikuwa nimesimama njiani na mzigo wa kuni kichwani, kama alivyoniagiza, nikiwa tayari kuudondosha mtu akija. Shingo iliniuma, na sijawahi kumpenda mama mkwe kama nilivyompenda dakika zile.

Kesho yake alfajiri tuliosha nzige. Tunutu asubuhi wana baridi, wameganda juu ya majani, unawakung'uta kwenye kikapu kama maharage. Kijiji kizima kilipanga mstari. Bwana mwenyewe alimimina kichupa ndani ya pipa kwa uangalifu wa mtu anayemwaga mafuta matakatifu, akatia sukari, ingawa si yote, kwa maana mkalimani alikuwa tayari ameshatoa sehemu yake kwa ajili ya chai. Akakoroga. Kisha vikapu vikazama, vikatoka, tunutu wakamwagwa kwenye nyasi wakiwa wamelowa na kunata, na kila mmoja akaanza kulamba miguu yake.

Walikuwapo Wakristo wawili watatu wapya kati yetu, na mmoja akasema kwa sauti kwamba hawa sasa wamebatizwa, itabidi wapewe majina. Mzee aliyeliwa mtama aliwatazama wanavyolamba sukari. "Mimi sijaonja kitu hicho tangu nizaliwe," akasema. Na kweli, waliporuka kwenda zao chini, waliruka kwa nguvu kuliko walivyokuja. Walikuwa wamekula sukari ya serikali na ukoko wa ugali wetu. Bwana wa Chupa aliandika andika, akafunga sanduku, akaenda vijiji vya mbele, akisema atarudi mwezi ukiandama.

Siku hiyo hiyo mama mkwe akaanza kupika pombe ya Ulaya. Alichemsha ulezi na ndizi, akauacha upoe kiasi, akachanganya ile chachu, akafunika chungu kwa majani ya mgomba na kukiweka nyuma ya nyumba, mahali pa joto pasipo na upepo. Kila asubuhi alipiga magoti akasikiliza kama inachemka. Haikuchemka. Siku ya kufunua alinijia na uso wa msiba. Juu ya ulezi hakukuwa na povu, palikuwa na kitu kama manyoya, cheupe pembeni na kijani katikati, kinanuka ardhi ya pango. Aliingiza kidole, maana alikuwa mtu asiyeshindwa, akaonja, akafumba macho.

"Chumvi imezidi?" nikamuuliza.

Alitema mate. "Wazungu wanakunywa uchafu," akasema. "Nenda ukamwage. Usimwage kwangu, utaniharibia mahindi. Mwaga kwenye shamba lako."

Nilibeba chungu kile nikipanda mlima huku nalia kwa hasira. Nilimwaga kwenye ukingo wa chini wa shamba langu, pale tunutu watakapoingilia, nikitawanya kwa mkono kama anayelisha kuku, na kila konzi niliyotupa niliitupa kwa jina la mama mkwe. Chungu nilikiacha pale pale mdomo juu, mvua ikioshe, kwa sababu sikutaka kukigusa tena.

Tunutu walifika. Walipita kwenye mahindi ya mama mkwe kwanza, wakayamaliza kwa siku moja na nusu, wakafagia hata magugu. Jioni ile alikaa mlangoni. Nilimpelekea chakula, akala, hakutaja chumvi, na hilo lilinitisha kuliko tunutu wenyewe. Nyumba nzima sasa ilikuwa na shamba moja tu la nafaka, nalo lilikuwa langu.

Kesho yake wakaanza kupanda kwangu. Nilisimama na tawi mkononi nikawaona wanavuka ukingo, wakatulia kidogo kwenye ule uji wenye manyoya, wakaula kwa raha, wakapita juu yake, wakaendelea. Waliingia kwenye ulezi. Niliwapiga mpaka tawi likabaki fimbo. Hamsa ishirini niliisahau kabisa, nikawakanyaga kwa miguu miwili. Walikula mstari wa kwanza na wa pili. Niliketi chini katikati ya shamba nikalia kwa sauti, wala sikujali nani ananisikia. Mafiga yangu matatu niliyaona yanaondoka, moja baada ya moja.

Lakini mstari wa tatu waliula nusu tu. Siku iliyofuata walikula kidogo zaidi. Baadaye wakawa wanashinda bila kula, wanajikokota, na asubuhi niliwakuta wamepanda juu kabisa ya mashina, vichwa juu, wamegeukia upande linakotoka jua. Nilidhani wanataka kuona mbali. Mjukuu wangu sasa ananiambia walikuwa wanajitibu. Tunutu hana moto wake mwenyewe mwilini, kwa hiyo akiumwa huota jua mpaka apate homa, na homa hiyo huichoma kuvu iliyoingia. Chini, kwenye mashamba yenye jua, wangeweza kupona. Kwangu, kwenye shamba la baridi nililochaguliwa kwa ubaya, ukungu ulikuwa haujaondoka. Walingojea jua juu ya mashina yangu, jua likachelewa kama kawaida yake, nao wakafa wameshikilia kwa miguu yote.

Hawakuanguka. Walibaki pale, wekundu wekundu, na baada ya siku kadhaa za umande wakaota manyoya meupe kwenye viungo, kisha kijani. Niliyatambua manyoya yale. Nilinusa mmoja, akanuka pango, kama chungu cha mama mkwe.

Nilimwita aje aone. Alisimama kwenye ukingo, akamnusa mmoja.

"Kumbe ilikuwa dawa," akasema.

"Kumbe."

"Mtu yeyote akikuuliza, hujui kitu."

Mwezi ulipoandama Bwana wa Chupa akarudi, na safari hii alikuwa na uso mrefu. Vijiji alivyopita havikuonyesha chochote. Tunutu wa huko walioshwa, wakaachiliwa, wakaota jua, wakanenepa. Alipanda mlima na askari, mkalimani na wazee wote wa ukoo nyuma yake, akaonyeshwa mashamba matupu moja baada ya jingine, mpaka akafika kwangu. Alisimama. Akalishika suke la ulezi lenye maiti ya tunutu juu yake, akalitazama kwa kioo cha mkononi, akapiga ukelele kwa lugha yake, akapiga magoti matopeni na kaptura yake nyeupe. Alitambaa shamba zima hivyo. Na kwa kuwa alikuwa anatambaa, akakikuta chungu.

Kilikuwa bado na uji ndani, mvua ilikuwa imeuongezea nguvu, na ile kuvu ilikuwa imejaa mpaka mdomoni. Bwana alikiinua kwa mikono miwili. Alitazama ndani, akatazama nzige, akatazama ndani tena. Uso ulimbadilika rangi.

"Chungu ya nani?" akauliza.

Mkalimani akakigeuza: "Bwana mkubwa anataka kujua ni nani mwenye chungu hiki. Aseme upesi, ajiokoe."

Nilimtazama mama mkwe. Macho yake yalikuwa yamemtoka. Alimwona askari, akakiona kiboko mkononi mwake, na nadhani alikuwa anakiona pia kile kipande cha ukoko wa ugali kinazama kwenye pipa la serikali. Mimi ningeweza kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Yeye akanitangulia.

"Cha huyu!" akasema, ananinyooshea kidole mbele ya wazee wote. "Shamba ni lake na chungu ni chake. Mimi sihusiki. Huyu ana jiko lake mwenyewe, anapika anavyotaka, mimi siingilii jiko la mtu!"

Mkalimani akamwambia Bwana, "Ya huyu mwanamke. Ana jiko yake."

Bwana wa Chupa alinijia na kile chungu kinachonuka. Aliniuliza nimetia nini ndani, nikamwambia kwa Kiswahili changu cha Kijenge kwamba ni ulezi na ndizi, vimechemshwa, vikapoa, vikafunikwa majani. Sikumwambia vilikusudiwa kunywewa. Akaniuliza nani amenifundisha kuilisha kuvu namna hiyo. Nikasema, "Ni mambo ya jikoni, Bwana." Akacheka, akanishika mkono na kuutikisa kama mwanamume, jambo lililomfanya mume wangu akohoe. Kisha akaamuru mpagazi alete zawadi, nayo ilikuwa blanketi nzito ya kijivu na sukari iliyobaki sandukuni.

Hapo mama mkwe akapata kusikia tena.

"Mkalimani," akasema, "hebu mwambie Bwana, kile chungu, kwa kusema kweli, ni changu."

Mkalimani alimtazama. Alikuwa amechoka, na nadhani alikuwa anakumbuka ile pombe iliyomlaza. "Mama," akasema, "umeshasema ana jiko lake. Mimi siwezi kumtafsiria Bwana leo mchana kinyume cha alichosikia leo mchana."

Mzee aliyeliwa mtama ndiye aliyeanza kucheka. Wakafuata wengine, mpaka baba mkwe, mmoja wa wazee wale, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, akafuta machozi kwa kona ya shuka. Baba mkwe alipomaliza kucheka, alisema taratibu. "Mama wa nyumba ametamka mbele yetu kwamba mkwe wake ana jiko," akasema. "Hatuwezi kungoja pombe kwa jiko ambalo tayari lipo. Awekewe mafiga leo."

Jioni ile mafiga mawili aliyaleta mume wangu kutoka mtoni. La tatu alilileta mama mkwe mwenyewe, amelikumbatia tumboni, na moshi wa miaka mingi umeliganda. Alikuwa ameling'oa kwenye jiko lake. Aliliweka mahali pake, akalisukuma kwa mguu mpaka likakaa sawa, akainuka.

"Usifikiri nimekupa," akasema. "Umeninyang'anya."

Nilidhani nimeshinda. Nilipika uji wa ulezi wangu, nikatia sukari ya serikali, nikamkaribisha aonje kwa kidole. Aliketi. Na kwa kuwa jiko lake lilikuwa limebaki na mafiga mawili, na mtu hawezi kuteleka chungu juu ya mafiga mawili, kesho yake alikuja tena, akaomba moto. Siku nyingine akaomba chumvi. Siku nyingine akasifu kibanda changu cha jiko, akasema mlango huu mdogo mno, mtu mzima anajikunja, nami kwa kusifiwa nikauongeza upana. Sikuona alipoanza kukaa mahali pangu, pale karibu na mlango, panapoonekana anayekuja.

Nilipofika hapo mjukuu wangu aliniuliza, "Sasa Bibi, katika habari hii kuvu ni nani, wewe au yeye?" Nikamwambia hilo aliulize huko Olmotonyi. Mimi ninachojua ni kwamba lile figa la tatu hakulichukua tena wala hakutafuta jingine. Alikula kwangu mpaka siku alipofariki, na kila siku alionja kwa ncha ya kidole, akafumba macho, akasema chumvi imezidi.